Kibanzi cha Mlango wa Zahanati

Mtaani walimwita Bi Brashi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa maneno ya kuhesabu, na kucha zake hazikuwahi kukaa na rangi moja kwa wiki nzima. Leo zilikuwa na weupe wa dari ya mtu, kesho zina kijivu cha geti. Wenzake walikwenda saluni kupakwa kucha; yeye zilijipaka zenyewe akiwa kazini.

Ufundi wa kupaka rangi nyumba hakuurithi kwa baba wala hakuusomea. Aliyekuwa fundi ni mumewe. Siku moja mume alikanyaga ngazi iliyooza, akaanguka nayo, mguu ukavunjika chini ya goti. Wakati huo alikuwa amebakiza kazi moja tu, mlango wa mbele wa zahanati ya mtaa, na zahanati ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Msimamizi alituma salamu za pole, na ndani ya pole hizo akauliza mlango utakwisha lini.

"Mlango ule atapaka nani?" mume aliuliza akiwa kitandani, mguu umefungwa kama mzigo wa safari.

Mke aliinuka. Alichukua ndoo, akachukua msasa na brashi, akaenda.

Waliopita njiani walipata la kusema. "Shemeji, umemvunja mwenzio mguu ili upate ngazi?" alipiga kelele mmoja, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye aliinamisha kichwa akaendelea kusugua mbao. Jioni alipeleka nyumbani ule msasa uliotumika, kwa sababu mume alitaka kuushika kwa mkono wake. Aliupitisha kidole. "Huu bado unakwaruza," akasema. "Maana yake hujasugua. Rudi kesho." Kesho yake akarudi. Msasa ulipokuwa laini kama karatasi ya daftari, ndipo mume aliporuhusu rangi. Mlango ukapakwa buluu, na zahanati ikafunguliwa.

Mguu ulipona lakini ulibaki mfupi kidogo, na tangu hapo mume alipaka vya chini, mke vya juu. Baadaye mgongo nao ukaanza kumsumbua mume, akabaki nyumbani kupika na kukosoa. Bi Brashi akawa fundi peke yake, na ngazi ikawa yake.

Sasa tuje kwenye kitabu.

Binti yao, mwalimu wa watoto wadogo, aliacha nyumbani kitabu cha kuchorea, kikubwa, chenye kurasa nene kama kadibodi. Bi Brashi alianza kubandika humo kadi za rangi za dukani, ili wateja wachague bila kubishana. Kisha akabandika kipande cha gazeti alilotandika sakafuni siku ya kupaka dari, kwa sababu matone yalikuwa yameangukia mahali pazuri. Kisha akabandika utepe wa karatasi, ule wa kuzibia kingo za madirisha, ambao ukiubandua unatoka na mstari wa rangi ulionyooka kuliko rula. Mkono ukanogewa. Kila nyumba aliyoipaka ikapewa ukurasa wake: karatasi ya mfuko wa saruji ikawa ukuta, msasa ukawa barabara, vumbi la plasta likichanganywa na gundi likawa lami yenye mashimo, na juu ya yote alipitisha rangi kwa brashi ndogo, akachora na penseli ya seremala watu aliowaona wakipita.

Kazi hiyo ilimfunza mambo yake. Mwanzo alibandika kwa uji wa unga wa ngano, akakuta sisimizi wamefanya harusi kwenye ukurasa wa tatu. Akahamia gundi ya mbao. Halafu kitabu kikavimba, kikawa hakifungi, kimeachama kama mamba juani, mpaka alipogundua kwamba ukitaka kujaza ukurasa mmoja lazima ukate mwingine jirani yake, ili mgongo wa kitabu upate nafasi. Hakuna aliyemwambia. Aligundua akiwa jikoni, mkasi mkononi, mumewe akikoroga chungu na kuuliza kama leo watakula karatasi.

Mume alikuwa anajua, lakini mwingine yeyote hakutakiwa kujua. Hasa wifi.

Wifi yake, dada wa mume, alikuwa mshonaji mwenye duka lake kona ya barabara, na mdomo wake ulifanya kazi kuliko cherehani yake. Aliwahi kumkuta mara moja na mkasi na magazeti mezani. "Ehe! Wifi yangu umeanza chekechea? Kesho nikuletee kikombe cha uji na kitambaa cha kukufunga shingoni?" Ni utani wa mawifi, hauna kosa, na yeye Bi Brashi alijua hivyo. Lakini kuna watu utani huwapita kama upepo, na kuna watu utani huwaingia kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo kitabu kilihamia chini ya mto wa kochi.

Mambo yalibadilika alipopata kazi ya kupaka chumba cha kusomea cha maktaba. Kitabu alikuwa amekibeba ndani ya ndoo tupu, amekifunika kwa kitambaa, kwa sababu alitaka kulinganisha kijani cha kuta na kijani alichokitumia zamani. Alikifungua akiwa amekaa juu ya ngazi. Mkutubi, kijana mpole mwenye miwani, alikuja kuuliza kama ahamishe rafu, akanyanyua macho, akasahau rafu.

"Mama, hicho nini?"

"Hamna kitu. Rangi tu."

"Naomba nione."

Angeweza kukataa. Lakini alikuwa juu ya ngazi na kijana alikuwa chini amenyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Akampa.

Mkutubi alikaa sakafuni, juu ya magazeti yenye matone, akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Mwishoni akasema maktaba ina sanduku la kioo pale mlangoni, ambalo kwa sasa lina kombe lililopauka la mashindano ya kusoma. Angependa kuweka kitabu hiki humo wiki nzima, watu wakione. Kwa kuwa kitakuwa ndani ya kioo, utaonekana ukurasa mmoja tu na mwenzake wa pembeni. Je, yeye mwenyewe angechagua upi?

Hapo Bi Brashi alijishangaa. Hakusema "nitafikiria." Hakusema "chagua wewe." Alisema, "Wa mlango."

Ukurasa wa mlango ndio aliokuwa akiupenda kuliko zote. Miaka mingi baada ya siku za msasa na mguu, zahanati ilitaka kitasa kipya, na seremala akachimba mlango kwa patasi. Kikaruka kibanzi cha mbao, chembamba kama ganda la yai, kirefu kama kidole, kikaangukia karibu na ndoo ya Bi Brashi aliyekuwa akipaka ukuta wa nje. Alikiokota. Usoni kilikuwa kahawia, kwa sababu mafundi wengine walikuwa wameupaka ule mlango baada yake: mmoja kijani, mwingine kahawia. Lakini alipokigeuza ubavu aliona tabaka zimepangana kama kurasa, na chini kabisa, juu ya mbao, mstari mwembamba kama uzi. Buluu yake.

Alikipeleka nyumbani, akakijengea ukurasa. Ukuta wa zahanati alifanya kwa mfuko wa saruji. Watu waliopanga foleni aliwakata kwenye kadi za rangi, kila mtu na rangi yake: mama mwekundu na mtoto wa manjano mgongoni, babu wa kijivu na fimbo. Na katikati, mahali pa mlango, akabandika kile kibanzi, upande wa kahawia juu. Ilibidi uinamishe kitabu na ukodoe macho ndipo uone uzi wa buluu ukingoni. Lakini yeye alijua upo.

Sasa wasiwasi ukaanza. Ndani ya kioo nani atainamisha kitabu? Watu wataona kibanzi cha kahawia, waseme ni kipande cha kuni, wapite. Siku moja kabla ya mkutubi kuja kukichukua, Bi Brashi aliamua kupitisha vanishi ukingoni, mstari ung'ae hata kwa mbali. Mkono wa fundi ukisha kushika vanishi hauachi nusu. Akapaka ukingo, akapaka kibanzi chote, akapaka na foleni ya watu. Ukurasa ukang'aa kama sufuria mpya. Akautazama, akatabasamu peke yake.

"Hodi humu! Wenye nyumba mpo, au mmekwenda shule?"

Wifi.

Hapo ndipo mtu ambaye amepaka milango ya watu nusu ya maisha yake, ambaye kila mteja humwambia, "Mama, mlango huu usifungwe mpaka ukauke," alipofunga kitabu chenye vanishi mbichi, akakitupa kwenye kochi, na kukikalia.

"Karibu wifi," akasema.

Wifi hakuja kwa dakika mbili. Alikuja na habari za bi harusi aliyenenepa kabla gauni halijakamilika, za jirani anayeazima pasi na kuirudisha baridi, za goti lake. Kila Bi Brashi alipotaka kuinuka, alikumbuka alichokalia, akakaa tena. Hata maji ya kunywa alimwagiza mume ayalete.

"Una nini leo? Umekaa kama kuku anayeatamia," wifi alisema.

"Mgongo," alijibu.

"Mgongo ni wa kaka yangu. Wewe tafuta ugonjwa wako."

Wifi alipoondoka jua lilikuwa limeshapungua ukali. Bi Brashi alitoa kitabu, akajaribu kufungua pale kwenye mlango. Kurasa zote zilikubali isipokuwa hizo mbili. Zilikuwa zimeshikana uso kwa uso, kama ukurasa mmoja mnene. Akavuta kidogo. Ikasikika sauti ndogo ya karatasi kuchanika, akaacha upesi kama aliyeungua.

Mume alikuja akichechemea, akatazama kitabu, akamtazama mkewe, akakitazama tena kitabu. "Fundi," akasema taratibu, "umefunga mlango na rangi mbichi."

Akaanza kucheka. Kisha akaona uso wa mkewe, kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa hajauona uso ule tangu siku aliyoanguka na ngazi.

"Mkutubi anakuja kesho," Bi Brashi alisema. "Nimemwambia ukurasa huu. Nilisema kwa mdomo wangu."

"Mpe mwingine. Ule wa hoteli mzuri. Ule wa yule bwana mwenye nyumba ya manjano..."

"Hizo ni nyumba za watu. Huu ni mimi."

Mume hakubishana. Alikaa karibu naye, wakaanza kushauriana kama mafundi. Skrepa ya kukwangulia rangi ni nene mno. Kisu kitakata watu wa foleni vichwa. Tapentaini italainisha vanishi, lakini italainisha na rangi zote. Mlango wa kweli ukigandana na fremu unapitisha kitu chembamba pole pole, unasugua kwenda na kurudi, hutumii nguvu. Kitu chembamba kuliko kisu ni nini?

Walitazamana. Wote wawili walijua jibu, na wote wawili walijua linakaa wapi.

"Nikamwombe mimi?" mume aliuliza. "Ni dada yangu."

"Hapana. Kitabu ni changu."

Akajikaza, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda mpaka dukani kona ya barabara. Wifi alikuwa anafunga cherehani. Bi Brashi alisimama mlangoni, kitabu kifuani.

"Wifi, naomba uzi wa nailoni. Ule mgumu, wa kushonea mikoba."

"Wa kazi gani?"

Hapo alipumua, akaweka kitabu mezani katikati ya mabaki ya vitambaa, akasema yote: maktaba, kioo, vanishi, kochi. Aliposema alikuwa amekikalia, wifi aliweka mkono mdomoni.

"Kwa hiyo mchana wote ule, mimi nazungumza, wewe..."

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu?"

Bi Brashi aliinamisha macho kwenye mabaki ya vitambaa. Wifi alikaa kimya, jambo ambalo kwa kawaida lilihitaji daktari. Kisha akachukua kitabu, akafungua zile kurasa zisizogandana, mmoja mmoja. Alifika kwenye ukurasa wenye kipande cha kitenge alichokitupa yeye mwenyewe dukani, akakigusa kwa kidole.

"Mficha uchi hazai, wifi," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Na mimi mdomo wangu siku nyingine uwe unaupiga kofi." Akageuka kutafuta uzi. "Kaa huku. Mimi hapa. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Walimwita mume, akaja kushika kitabu kisitikisike. Bi Brashi aliupaka uzi poda ya mtoto ili uteleze, akaupenyeza pembeni, pale vanishi ilipokuwa haijafika. Yeye akashika ncha moja, wifi ncha ya pili. Wakaanza kuvuta, mmoja akilegeza mwenzake akivuta, kama watu wawili wanaokata mbao kwa msumeno mrefu.

"Polepole," mume alisema.

"Kaka, wewe shika kitabu, maneno tuachie."

Uzi ulipita juu ya babu wa kijivu, ukapita juu ya mama mwekundu. Hapa na pale ulichuna karatasi, lakini ulipita. Ulipofika kwenye kibanzi ukagoma. Wakavuta, ukakaza. Wifi akamtazama Bi Brashi usoni. Bi Brashi alifumba macho, akahisi uzi vidoleni, akauinua kidogo sana, kama anavyoinua brashi akifika kwenye kona ya dari.

Tak.

Sauti ilikuwa ndogo, kavu. Uzi ukalegea, kurasa zikaachana.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama. Mume ndiye aliyefunua. Kwenye ukurasa wa kulia, katikati ya ukuta wa shule fulani, kulikuwa na kipande cha rangi ya kahawia na kijani kilichong'oka na kuhamia huko, mlango usio na nyumba. Bi Brashi alidhani yamekwisha. Kibanzi kimepasuka. Kisha akatazama kushoto.

Kibanzi kilikuwa mahali pake, hakikuwa kimetikisika hata kidogo. Na kilikuwa buluu.

Uzi mzima wa buluu uliokuwa ukijificha ukingoni ulikuwa sasa uso mzima, safi, kama siku ulipopakwa. Mistari ya brashi ilionekana, imenyooka kutoka juu kwenda chini, na katikati ya rangi, umeganda tangu siku ile, unywele mmoja wa brashi.

Mume aliinama mpaka pua ikakaribia ukurasa. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaugusa ule upande wa pili, mgongo wa rangi ya kijani uliobanduka. Ulikuwa laini, unateleza.

"Aliyepaka kijani hakupiga msasa," akasema. "Alipaka juu ya utelezi. Na wa kahawia akamfuata. Ndiyo maana wameachia wote pamoja." Akanyoosha mgongo, akishika kiuno. "Yako imebaki na mbao."

Hakuwa mtu wa kusifu. Katika miaka yote ile sifa zake zilikuwa "si mbaya" na "twende kesho." Lakini Bi Brashi alimwona akipitisha kidole juu ya kibanzi, polepole, kwenda na kurudi, kama alivyofanya zamani kitandani, na safari hii hakumwambia arudi.

"Mlango huu," wifi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mlango huu mimi niliusukuma kwa tumbo. Nilipokwenda kujifungua kitinda mimba wangu, mikono imejaa mizigo, nikausukuma kwa tumbo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ulikuwa buluu."

Kesho yake mkutubi alipokuja alikuta kitabu mezani, wazi, kinapata hewa, na watu watatu wamekizunguka kama wanalinda mkate. Alisikiliza habari za uzi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akauliza kama afunike ule ukurasa wa kulia, wenye mlango wa kijani usio na nyumba.

"Uache," Bi Brashi alisema. "Ndio jirani yake."

"Na kwenye kadi niandike nini? Juzi uliniambia nisiweke jina."

"Weka. Andika Bi Brashi, ndivyo wanavyoniita. Andika fundi wa rangi. Na chini yake uandike kwamba mlango huu ni kazi yangu ya kwanza."

Wiki ile maktaba ilipata wageni ambao hawakuwahi kusoma kitabu tangu waache shule. Wifi alileta wateja wake, na bi harusi aliyenenepa akiwemo, akawaeleza habari za uzi wa nailoni kiasi kwamba mtu angedhani kitabu chote kimeshonwa. Mume alikuja asubuhi na kurudi tena mchana, akisingizia kwamba anapitia njia hiyo. Seremala wa zahanati alikuja, akakitambua kibanzi, akaanza kumwambia kila mtu kwamba patasi ilikuwa yake.

Bi Brashi mwenyewe alikwenda siku ya tatu, baada ya kazi, akiwa na nguo zenye chokaa. Alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma. Buluu ilionekana tangu mlangoni. Nyuma yake wanafunzi na akina mama walikuwa wamejipanga, na mama mmoja mwenye kikapu, asiyemfahamu, akamgusa bega.

"Dada, samahani, sogea kidogo. Na sisi tuone. Umeshaangalia vya kutosha."

Maisha yake yote Bi Brashi alikuwa mtu wa kusogea. Sokoni alisogea, kwenye ngazi za watu alisogea, hata nyumbani kwake aliwahi kusogea. Aligeuka, akamwangalia yule mama, akamwona amechoka na siku yake, akamhurumia. Akamvuta mkono, akamsimamisha ubavuni kwake mbele ya kioo.

"Njoo hapa, tutatosha," akasema. "Mimi sisogei. Hiki ni changu."